Waya wa kutoka Inga hadi Kolwezi: Utawala wa Kijeshi na Ujenzi wa Taifa nchini Zaire, 1965–1997

Mwalimu wa Kiswahili anapofundisha majina ya madini hakosi kutaja shaba, na yamkini huona fahari kidogo akikumbuka kwamba neno hilo la darasani liliwahi kuwa jina rasmi la jimbo zima. Mwaka 1971 Kongo ya Kinshasa ilipewa jina la Zaire, na haukupita muda mrefu jimbo la Katanga nalo likaitwa Shaba. Jina hilo la Kiswahili lilitolewa na serikali iliyokaa Kinshasa, ambayo jeshi lake liliamrishwa kwa Kilingala, wala halikutolewa kwa mapenzi ya lugha yetu. Lilitolewa ili kulifuta jina la Katanga, ambalo tangu tarehe 11 Julai 1960 hadi Januari 1963 lilikuwa jina la nchi iliyojitenga na kujitangaza kuwa huru. Wakubwa wa Kinshasa hawakuisahau miaka hiyo miwili na nusu.

Katika makala haya tunakusudia kueleza kazi nyingine iliyofanywa kwa hofu hiyo hiyo, ila kazi hii haikuwa ya maneno bali ya chuma, saruji na mikopo. Ni waya wa umeme uliotandazwa kutoka maporomoko ya Inga, karibu na bahari ya Atlantiki, hadi Kolwezi katika machimbo ya shaba, umbali wa kilomita zipatazo 1,700. Tunaieleza habari hii kwa sababu katika miaka ya karibuni, baada ya majeshi kutwaa tena serikali katika nchi kadhaa za Afrika, tumesikia watu wengi wakisema kwamba wanajeshi wana ubaya wao, lakini angalau hujenga. Baadhi ya wasemao hivyo ni walimu wenzetu. Hoja hiyo haifai kubezwa. Nguzo zipo, bwawa lipo, daraja lipo, na kila mwenye macho huviona. Tunalotaka kuuliza ni nani aliyetakwa shauri kabla ya vitu hivyo kujengwa.

Tarehe 24 Novemba 1965 makamanda wa jeshi la Kongo, wakiongozwa na Jenerali Joseph-Désiré Mobutu, walimwondoa madarakani Rais Kasa-Vubu, ambaye ugomvi wake na Moïse Tshombe ulikuwa umeizuia serikali isifanye lolote. Walisema watatawala kwa miaka mitano. Ni lazima tukiri kwamba wananchi wengi waliwapokea kwa furaha. Nchi ilikuwa imetoka katika vita vya kujitenga, ikaingia katika maasi ya mwaka 1964 yaliyoenea upande wa mashariki, na katika sehemu nyingi madaraja yalikuwa yamevunjwa na vivuko kuzama. Miaka ya mwanzo ya utawala mpya haikuwa mibaya. Mwanzoni mwa mwaka 1967 kampuni ya Union Minière, iliyokuwa mtawala wa pili wa Katanga, ilinyang'anywa machimbo yake nchini, na shirika la umma, ambalo baadaye liliitwa Gécamines, likashika mahali pake. Mwaka huo huo fedha mpya ilitolewa, na chama cha MPR kikaundwa. Mwaka 1970 miaka mitano ilipokwisha, Mobutu alisimama peke yake katika uchaguzi, akashinda, na habari ya miaka mitano haikutajwa tena.

Fedha zilikuwapo, kwa kuwa bei ya shaba ilikuwa nzuri, nayo shaba ndiyo iliyoleta sehemu kubwa ya mapato ya kigeni. Serikali iliyo na fedha mkononi na isiyo na mpinzani bungeni huweza kuamua mambo makubwa kwa muda mfupi sana. Hilo ndilo linalosifiwa na wale tuliowataja, na kwa kweli ni nguvu halisi.

Mahali penyewe pa Inga panastahili kuelezwa, maana bila ya kupafahamu mtu aweza kudhani kwamba mradi wote ulikuwa wendawazimu. Mto Kongo hukata mstari wa ikweta mara mbili, hivi kwamba mvua zinapopungua upande wa kaskazini huwa zinanyesha upande wa kusini, na maji ya mto hayapungui sana mwaka mzima. Pale Inga, juu kidogo ya Matadi, mto unaopitisha kwa wastani mita za ujazo zipatazo 40,000 kila sekunde huteremka karibu mita mia moja katika mwendo mfupi. Hapana mahali pengine duniani penye nguvu za maji kiasi hicho katika sehemu moja. Wabelgiji walikuwa wakipaota tangu miaka ya 1920, wakachora ramani na kufanya hesabu, na uhuru uliwakuta mipango ikiwa mezani. Utawala wa Mobutu ndio uliojenga. Kituo cha kwanza, Inga I, kilifunguliwa Novemba 1972 kikiwa na mitambo sita yenye uwezo wa megawati 351, na cha pili, Inga II, kilikamilika mwaka 1982 kikiwa na mitambo minane yenye uwezo wa megawati 1,424. Hata leo Kinshasa hupata umeme wake kutoka huko, kwa kadiri unavyopatikana. Mhandisi aliyeshiriki kazi ile ana haki ya kujivuna mbele ya wajukuu wake.

Taabu ilikuwa ni kupata matumizi ya umeme huo. Inga I peke yake ilitosha kwa Kinshasa na nchi ya mto wa chini ya wakati ule. Viwanda vikubwa vilivyotarajiwa kujengwa karibu na bahari havikuja, na bila ya mnunuzi mkubwa hapakuwa na sababu ya kujenga Inga II. Mnunuzi mkubwa alikuwa mmoja tu nchini, naye alikuwa Shaba, kwenye machimbo, matanuri na viwanda vya kusafishia shaba kwa umeme.

Lakini Shaba haikuwa gizani. Kwa maoni yetu hilo ndilo jambo la kushika zaidi katika habari hii yote. Tangu mwaka 1930 jimbo lile lilikuwa na kituo cha umeme wa maji cha Mwadingusha kwenye mto Lufira. Katika miaka ya 1950 vikaongezwa Koni, kisha Nzilo na Nseke kwenye mto Lualaba. Umeme ulitosha hata ukavushwa mpaka kwenda kuuzwa katika machimbo ya Rhodesia ya Kaskazini, yaani Zambia ya leo. Ikiwa mahitaji yangeongezeka, wataalamu walikwisha kupataja mahali pa Busanga, kwenye Lualaba hiyo hiyo, pasipo mbali na Kolwezi, ambapo kituo kingine kingeweza kujengwa. Basi kwa nini umeme usafirishwe kilomita 1,700, kupita juu ya misitu na nyika, uletwe mahali palipokuwa na maporomoko yake?

Jibu la serikali lilikuwa kwamba Gécamines itapanuka, na kwamba kampuni mpya ya Tenke-Fungurume itahitaji umeme mwingi. Kwa hesabu za mwaka 1973, bei ya shaba ikiwa inapanda, jibu hilo halikuwa la kuchekesha. Lakini wanahistoria wengi wa Zaire wameona chini yake sababu nyingine, nasi tunakubaliana nao. Jimbo lenye mgodi wake, reli yake ya kwenda kusini na umeme wake lilikuwa limewahi kujitenga, na lingeweza kujitenga tena. Jimbo ambalo matanuri yake hutegemea waya mmoja, na ufunguo wa waya huo uko upande wa Kinshasa, halina uwezo huo. Jina la Shaba lilifunga mdomo, na waya ulikuwa wa kufunga mikono.

Mkataba wa ujenzi ulipewa kampuni ya Kimarekani ya Morrison-Knudsen, na fedha zilikopwa, sehemu kubwa kutoka Eximbank, benki ya serikali ya Marekani ya kusaidia mauzo ya nje, na kutoka mabenki ya biashara yaliyoongozwa na Citibank. Hatukusoma mahali popote kwamba wakazi wa Shaba walitakwa shauri, wala wa Kasai, wala wa Bandundu ambako nguzo zingepita. Baraza la Taifa lilikuwa la chama kimoja, magazeti yalikuwa ya chama hicho hicho, na mhasibu ambaye angethubutu kuilinganisha gharama ya Busanga na gharama ya Inga mbele ya umma hakuwa na mahali pa kusimama. Twaona hapa ndipo ilipo tofauti. Serikali za kiraia nazo hukosea hesabu, na pengine hukosea vibaya zaidi. Lakini palipo na mtu wa kuuliza, kosa huweza kusimamishwa njiani.

Kosa hili halikusimamishwa. Mwezi Aprili 1974 tani ya shaba iliuzwa London kwa karibu pauni 1,400. Kabla mwaka haujaisha bei ilikuwa imeshuka chini ya pauni 600. Agosti 1975 vita vya Angola vilifunga reli ya Benguela, njia fupi ya kwenda baharini, na shaba ikalazimika kupitia kusini au kupitia njia ya taifa, yaani reli hadi Ilebo, meli ya mtoni hadi Kinshasa, na reli tena hadi Matadi, ikipakuliwa na kupakiwa kila mahali. Tani nyingine zilivuka ziwa kutoka Kalemie hadi Kigoma na kuteremka Dar es Salaam. Mwaka 1976 Tenke-Fungurume, mteja aliyetajwa katika kila hotuba, alisimamisha kazi kabla ya kutoa ratili moja ya shaba. Wakati huo Zaire ilikuwa imekwisha kushindwa kulipa madeni yake ya nje. Machi 1977, na tena Mei 1978, wapiganaji wa Katanga waliokuwa wamekimbilia Angola waliingia Shaba kwa silaha. Mara ya pili waliuteka mji wenyewe wa Kolwezi, mwisho wa waya, hata askari wa Kifaransa wakaletwa kwa ndege kuwatoa. Nguzo ziliendelea kusimamishwa. Kila mwaka wa kuchelewa uliongeza riba juu ya deni, na laini ilipokamilika, kuelekea mwisho wa mwaka 1982, gharama ilikuwa imepita makadirio ya kwanza zaidi ya mara mbili. Ilikuwa laini ndefu kuliko zote za aina yake duniani. Katika utawala wote wa Mobutu ilipitisha sehemu tu ya umeme iliyojengewa kuupitisha.

Sasa tuangalie walio chini ya waya. Umeme unaopita humo ni wa mkondo usiogeuza mwelekeo, tofauti na huu wa majumbani. Wahandisi huuchagua kwa safari ndefu kwa kuwa hupotea kidogo njiani na huhitaji nyaya chache, na kwa safari ya kilomita 1,700 walichagua sawasawa. Lakini umeme wa namna hiyo hauwezi kuchotwa njiani kama maji ya mfereji. Ili kijiji au mji ulio katikati uupate, ni lazima pajengwe kituo cha kuugeuza, na kituo hicho ni ghali mno. Vilijengwa viwili tu, kimoja mwanzoni na kimoja mwishoni. Hivyo mkulima wa Bandundu na wa Kasai alikatiwa njia pana katika pori lake, akaona nguzo ndefu kuliko mti wowote zikisimamishwa, akausikia waya ukiimba wakati wa mvua, na usiku akawasha kibatari. Mji wa Kananga, makao makuu ya mkoa mzima, haukupata umeme wa Inga.

Miaka ilivyozidi kupita, watu wa huko walianza kufungua vipande vya chuma katika nguzo na kuvipeleka nyumbani. Vyuma vile vilitengenezewa vitanda, fremu za madirisha na zana nyinginezo. Wakubwa waliita jambo hilo hujuma, na hapana shaka lilikuwa la hatari, maana nguzo iliyopungukiwa vyuma huanguka na machimbo husimama. Hata hivyo tunapotafakari, twaona kwamba katika sehemu nyingi faida pekee ambayo mwanakijiji aliwahi kuipata kutoka kwenye mradi huo ilikuwa kitanda cha chuma.

Kazi nyingine za enzi hiyo tutazipitia kwa haraka. Kiwanda cha chuma cha Maluku, karibu na Kinshasa, kilichojengwa kwa matumaini ya kutumia umeme wa Inga, kiliyeyusha vyuma chakavu kutoka nje na hakikuukaribia kamwe uwezo wake wa tani 250,000 kwa mwaka. Daraja la Matadi, lenye urefu wa mita 722, lilijengwa kwa mkopo wa Kijapani na kufunguliwa mwaka 1983. Ni zuri na lina manufaa, lakini lilitayarishiwa pia njia ya reli ya kwenda Banana, na reli hiyo haikujengwa. Huko Gbadolite, kijiji cha wazee wa rais, paliwekwa uwanja wa ndege ulioweza kupokea Concorde, na karibu yake, kule Mobayi-Mbongo, kituo cha umeme wa maji. Msomaji apime mwenyewe.

Barabara za udongo hatuwezi kuzipita haraka namna hiyo, kwa sababu hazifunguliwi kwa utepe wala hazipigwi picha, na ndizo zilizokuwa maisha ya mkulima. Katika enzi ya ukoloni zilitunzwa kwa kazi ya mikono, nyingi yake ya shuruti, vikundi vya vibarua vikipewa kipande cha barabara kila kijiji. Utaratibu huo mchungu ulianguka baada ya uhuru, na haukupatikana mwingine wa kushika nafasi yake. Ofisi ya Barabara iliundwa mwaka 1971, nayo ilikosa mafuta na vipuri. Serikali ikawaita wananchi katika salongo, kazi ya pamoja ya lazima, ambayo mijini ilikuwa mara nyingi kufyeka majani ili kiongozi apite. Mobutu alipoondoka mwaka 1997, katika nchi nzima, iliyo kubwa kuliko Tanzania zaidi ya mara mbili, barabara za lami hazikufika kilomita 3,000. Magunia ya mahindi yalioza vijijini huku Lubumbashi ikila unga wa kutoka Zambia na nchi nyingine za kusini.

Haki yatutaka tutaje mfano unaoisumbua hoja yetu. Mwaka 1989 kituo cha Ruzizi II kilianza kutoa umeme kwenye mto utokao ziwa Kivu kwenda Tanganyika. Uwezo wake ni takribani megawati 44, kitu kidogo sana ukikilinganisha na Inga. Wenyewe walikuwa watatu, Zaire, Rwanda na Burundi, na katika mwaka huo wote watatu walitawaliwa na wanajeshi walioingia kwa mapinduzi, yaani Mobutu, Habyarimana na Buyoya. Hata hivyo kituo hicho kiliwekwa mahali panapofaa, kwa kipimo cha mahitaji, na umeme wake uligawanywa baina ya nchi zote tatu. Waya wa Inga haujafika Bukavu mpaka leo. Hatudhani kwamba majemadari hao walikuwa na hekima zaidi wakiwa watatu. Ila hapana hata mmoja aliyeweza kuamua peke yake. Kila mmoja alikuwa na wahandisi wake na wahasibu wake waliozikagua hesabu za wenziwe, na wakopeshaji walitaka sahihi tatu.

Mambo yaliyofuata huko Shaba yanajulikana. Gécamines, iliyokuwa ikitoa zaidi ya tani 450,000 za shaba kwa mwaka katikati ya miaka ya 1980, ilitolewa fedha na watawala hata ikakosa za kununulia vipuri. Septemba 1990 mgodi wa Kamoto uliporomoka. Mwaka 1994 shirika zima halikutoa hata tani 50,000, na waya mrefu ulikuwa ukiwapelekea umeme wateja wasiouhitaji. Mei 1997 askari waliozungumza Kiswahili waliingia Kinshasa kutoka mashariki, na jina la Katanga likarudi katika ramani. Kwa hiyo ufunguo wa umeme haukumlinda aliyeushika.

Laini yenyewe ingali hai. Tangu miaka ya 2000 kampuni za kigeni zilipoyafufua machimbo, imetengenezwa kwa fedha za Benki ya Dunia na za wachimba madini wenyewe, nayo sasa inahitajiwa kweli, kiasi kwamba machimbo hulalamika kuwa umeme wake hautoshi. Katika Kongo yote ni mtu mmoja tu kati ya watano hivi aliye na umeme nyumbani, na vijijini ni wachache mno. Na pale Busanga, kwenye mto Lualaba, mahali palipotajwa na wataalamu kabla nguzo ya kwanza haijasimama, kampuni za Kichina zimejenga kituo cha megawati 240 kwa ajili ya machimbo ya Kolwezi. Kilianza kazi katika miaka ya 2020, miaka hamsini hivi baada ya mkataba wa Inga na Shaba kutiwa sahihi.